Kabla ya Kujenga Tovuti, Kagua Mishale

Mteja akikuambia anataka "tovuti kama ya fulani, ila iwe bora zaidi", usikimbilie kompyuta. Mkalishe umuulize: nani ataitumia, atakuja kufanya nini, na mkimaliza mtajuaje kwamba imefaulu? Majibu yaandike, mpe asome, akubali kwa maandishi. Usipofanya hivyo, kila wiki atakuja na "kitu kidogo tu" cha kuongeza, nawe hutakuwa na cha kumwonyesha.

Domeni (jina la anwani ya tovuti) na akaunti ya seva ziwe kwa jina la mwenye mradi, si la fundi. Hili halina mjadala.

Chagua teknolojia ambayo timu yako inaijua tayari. Kama mko watatu, usigawe mfumo katika huduma ndogondogo kumi kwa sababu makampuni makubwa yanafanya hivyo. Programu moja iliyopangwa vizuri na hifadhidata moja itawafikisha mbali. Kugawa mtagawa mkishajua ni sehemu gani inalemewa. Na ukitumia MySQL, ambayo ni programu ya hifadhidata, weka utf8mb4, mfumo wake wa kuhifadhi herufi, tangu siku ya kwanza. Ile utf8 yake ya zamani huishia baiti tatu kwa herufi, na emoji nyingi haziingii humo.

Mteja akisema "isizime kamwe", mpe hesabu. Kuwa hewani asilimia 99.9 ya muda ni karibu saa 9 za kuzima kwa mwaka, 99.99 ni dakika 53 hivi. Kila tisa unayoongeza inadai seva za akiba na watu wa zamu ya usiku. Achague akijua gharama.

Sasa mishale, maana hapa ndipo nilipoungua. Tunapochora mfumo tunachora maboksi: tovuti, hifadhidata, huduma ya malipo. Maboksi tunayajadili siku nzima. Mshale wa kuyaunganisha unachorwa mara moja na hakuna anayeuliza kitu. Kwenye mradi mmoja wa duka la mtandaoni, mshale wa kwenda kwenye huduma ya malipo niliuchora mimi, na kando yake nikaandika neno moja: "malipo".

Siku ya kufungua, watu wakamiminika. Huduma ya malipo ikaanza kujivuta. Jibu lililokuwa likija kwa sekunde moja likawa linachukua nusu dakika. Hatukuwa tumeweka kikomo cha kusubiri, kwa hiyo kila ombi lilishikilia nafasi yake kwenye seva likingoja. Nafasi zikaisha. Hata ukurasa wa mawasiliano, usiohusiana kabisa na malipo, ukawa haufunguki. Na mtu akiona duara linazunguka tu, anabonyeza tena. Usiku ule nikipekua kumbukumbu za seva niliona oda ya mteja yuleyule, kikapu kilekile, kiasi kilekile, imeingia mara tatu ndani ya dakika mbili, na mara zote tatu fedha imekatwa. Hakuwa peke yake. Siku nne tulizimalizia kwenye simu, tukiomba radhi na kurudisha fedha za watu. Mmoja aliniambia ile iliyokatwa zaidi ndiyo aliyoiweka kwa ajili ya kodi ya nyumba. Sikuwa na la kumjibu.

Tangu hapo, kila mshale naukalisha kitako. Upande wa pili ukichelewa, tutasubiri sekunde ngapi? Ukizima kabisa, mtumiaji ataona nini? Ombi lilelile likifika mara mbili, tutalitambuaje? Dawa yake ni kila jaribio la kulipa libebe namba yake ya pekee. Ikirudi namba iliyokwisha kushughulikiwa, mfumo utoe jibu la mwanzo bila kukata tena. Na je, kazi hii lazima ifanyike mtu akisubiri? Barua pepe ya uthibitisho inaweza kukaa kwenye foleni ikatumwa baadaye kidogo.

Hata wenye fedha nyingi huungulia hapohapo. HealthCare.gov, tovuti ya bima ya afya ya Marekani, ilipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013, ni watu sita tu waliomaliza kujiandikisha siku ya kwanza. Vipande vilijengwa na makampuni mengi, na kujaribu mfumo mzima kwa pamoja kulianza wiki mbili hivi kabla ya kufungua. Jaribu mishale mapema, hata maboksi yakiwa matupu.

Nakala za akiba zipo? Usiniambie zipo, nionyeshe uliyoirejesha. GitLab, kampuni inayohifadhi misimbo ya programu za watu, walifuta data yao kwa bahati mbaya tarehe 31 Januari 2017, na katika njia tano za kuhifadhi nakala walizodhani wanazo, hakuna iliyofanya kazi ipasavyo. Walipoteza data ya saa sita hivi.

Mengine usiyapuuze. Ukihama kutoka tovuti ya zamani, orodhesha anwani zake zote na uziwekee uelekezo wa 301, yaani anayefungua anwani ya zamani apelekwe moja kwa moja kwenye mpya. Cheti cha usalama kina tarehe ya mwisho, na lazima awepo mtu anayeifuatilia. Taarifa za watu usizozihitaji usizikusanye. Usifungue tovuti Ijumaa jioni. Andika nani atapigiwa simu mambo yakiharibika na hatua za kurudisha toleo la awali, kisha mpe mtu ambaye hakuziandika azifuate moja baada ya nyingine, mchana, kabla ya siku yenyewe.