Umenunua Benzi Kompresa kuukuu? Puli ndogo isubiri

Mimi ni fundi cherehani, Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga. Gari langu ni Benzi C200 Kompressor ya 2004, namba C, rangi ya fedha. Nililinunua kwa jamaa wa Raskazone aliyekuwa anahama. Siku ya kwanza kulipeleka gereji, kule Mabawa, nilimwambia fundi, "Kompresa inalia." Akaenda moja kwa moja kwenye kompresa ya AC, akaifungua, akabadilisha beringi, nikalipa. Nikawasha gari, mlio uko palepale.

Basi ukifika gereji sema "supachaja", usiseme kompresa. Hiyo inayosifiwa kwa herufi za kung'aa kwenye buti ni pampu ya hewa. Inazungushwa na mkanda wa injini, na ndani yake rota mbili zinapishana bila kugusana, zikisukuma kwenye silinda hewa nyingi kuliko ambayo injini ingevuta yenyewe. Ndiyo maana injini ndogo ya cc 1796 inatoa nguvu za farasi 163. Mercedes waliziweka kwenye magari ya abiria tangu 1921, kwa hiyo si jambo la kubahatisha. Kilichochoka kwenye gari letu ni mipira, cheni na nyaya. Vijana wa kijiweni watakwambia ufunge puli ndogo ili supachaja izunguke kasi zaidi. Wasikilize, wanunulie kahawa, halafu fanya yafuatayo kwanza.

Chukua kadi ya gari usome ujazo wa injini. Ikiandikwa 1998, unayo injini ya zamani zaidi, ambayo cheni yake ya taimingi (inayozungusha kemshafti, yaani shafti za juu zinazofungua valvu) ni ya safu mbili. Ikiandikwa 1796, cheni ni ya safu moja, na hiyo ndiyo ninayoisemea hapa.

Lala na gari nyumbani usiku kucha bila kuliwasha. Alfajiri, kabla mtaa haujaamka, fungua boneti, weka simu irekodi, mwombe mtu apige stata. Sekunde mbili tatu za mwanzo ndizo unazozitaka. Ukisikia mkwaruzo mkavu unaotoweka injini ikishapata oili, cheni imelegea au gia za kemshafti zimelika meno. Mwambie fundi afungue tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini), azungushe injini kwa mkono mpaka alama ya puli ya chini ikae mahali pake, kisha muangalie pamoja alama za gia za juu. Zikiwa zimepishana, usiendeshe tena hata kwenda Chumbageni, maana cheni ikiruka valvu zinagonga pistoni. Cheni mpya huunganishwa na ya zamani ikavutwa pole pole bila kushusha injini. Ila usikubali kufungiwa cheni mpya kwenye gia zilizolika. Mimi nabadilisha zipu kila siku: ukiweka meno mapya ukabakiza kichwa cha zamani, mteja anarudi kesho yake.

Sasa mpira wa kupumulia. Injini hii ina mipira inayorudisha mvuke wa oili kwenye njia ya hewa, na mmoja umejificha chini ya manifodi ya kuingizia hewa. Miaka ishirini ya joto na oili inaufanya uwe kama biskuti. Ukipasuka, injini inavuta hewa isiyopimwa: inatetemeka ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), taa ya injini inawaka, nguvu inakuja na kuondoka. Fundi wangu alikuwa ameshaagiza plagi na koili zote nne. Nikamwambia, "Fundi, subiri."

"Naam, fundi." Tunaitana hivyo, kila mtu kwa ufundi wake.

Nikachukua mpira wa kumwagilia maua, urefu wa mita moja, ncha moja sikioni, ncha nyingine nikaipitisha pole pole kando ya manifodi injini ikiunguruma. (Mikono mbali na mkanda, na kama umevaa kanzu, ivue kwanza.) Ilipofika chini kwa nyuma nikasikia mluzi mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka. Tulipofungua, ule mpira ulikatika vipande viwili mkononi mwa fundi. Wenyewe ni bei ndogo, ufundi wa kuufikia ndio ghali. Kwa hiyo ukishafika humo badilisha mipira yote midogo unayoiona, hata ile inayoonekana mizima.

Mbele ya silinda hedi kuna sumaku mbili za kemshafti, kila moja na plagi yake ya umeme. Hizi huvujisha oili kwa ndani, na oili hiyo hupanda kwenye nyaya kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi, ikaenda taratibu mpaka kwenye kompyuta ya injini. Chomoa plagi, ingiza kitambaa cheupe kilichosokotwa. Kikitoka kikavu, mshukuru Mungu. Kikitoka na oili, badilisha sumaku, safisha plagi, na funga vile vinyaya vifupi vinavyouzwa kwa kazi ya kuzuia oili isisafiri. Vinyaya hivyo ni nafuu, kompyuta siyo. Mimi navikagua kila ninapomwaga oili, yaani kila kilomita 7,000: lita 5.5 za 5W-40 yenye idhini ya Mercedes 229.5.

Supachaja yenyewe ni rahisi kuipima kuliko watu wanavyodhani. Zima injini, iache ipoe, toa mkanda, zungusha puli yake kwa vidole. Izunguke laini. Ikikwaruza au puli ikicheza huku na huku, beringi zimekwisha. Ikitoa mlio wa maharage kwenye kopo injini ikiwa sailensa, mara nyingi ni kiunganishi kilichoko kati ya puli na rota. Ina oili yake yenyewe, kidogo sana, isiyochanganyika na ya injini. Siku ile ya kwanza gereji hawakujua hata kama ipo.

Giaboksi: ile ya gia tano haina kijiti cha kupimia, na haidroliki yake (mafuta ya giaboksi) hupimwa ikiwa imepata joto, kwa kijiti maalumu cha gereji. Anayekupimia kwa waya wa kuning'inizia nguo, mkimbie. Haidroliki ikiwa na rangi ya maziwa ya stroberi, rejeta imepasuka kwa ndani na maji yameingia giaboksi. Simamisha gari hapo hapo.

La Tanga hasa ni majani na chumvi. Mimi naegesha chini ya mkungu, na majani ya mkungu ni mapana kama kiganja. Yanaingia chini ya kioo cha mbele, yanaziba matundu ya kutolea maji, masika ikija maji yanatafuta njia kwenye masanduku ya fyuzi. Toa yale majani kila Ijumaa. Kutu ianze kutafutwa chini ya mipira ya milango, kwenye matao ya magurudumu, na kwenye buti karibu na namba. Bonyeza rangi kwa kidole: ikiitika kama papadi, chini yake kumeoza, na anayekushauri kupaka puti juu yake anakushonea kiraka kwenye shuka bovu.

Marekebisho? Niliyofanya mimi ni bushi zote za mbele, shokapu nne, diski na pedi mpya, matairi mazuri, na kuosha kipoza hewa (si cha AC, ni kile kinachopoza hewa itokayo kwenye supachaja) kilichokuwa kimejaa wadudu na vumbi la Pangani. Gari likawa jepesi kana kwamba limeongezewa injini. Puli ndogo bado. Hewa ikishindiliwa hupata joto, na hewa ya Tanga ya Februari inaingia ikiwa moto tayari. Injini ikianza kugonga, kompyuta inachelewesha cheche za plagi ili kuiokoa, na farasi ulionunua wanarudi zizini. Ukitaka kweli, anza na kipoza hewa kikubwa na petroli isiyopungua oktani 95, na mtu wa kurekebisha programu ya injini awe mtu unayeweza kumfuata nyumbani kwake.

Kabla ya hapo kuna mtihani mmoja. Toka Tanga asubuhi, pita Muheza, Segera, Korogwe, hadi Mombo, kisha panda Lushoto na AC ikiwa wazi, jicho kwenye mshale wa joto. Shuka, rudi nyumbani, tandika boksi la karatasi chini ya injini ulale. Mara ya kwanza boksi langu lilikuwa na matone matatu: mawili ya oili, moja la haidroliki. Nikayazungushia kalamu, nikabeba boksi lenyewe mpaka Mabawa.