Kuchagua lifti ya nyumbani Kigoma: anza na siku umeme utakapokatika

Siku hizi mtu akitaka lifti ya nyumbani hunitumia kwanza picha ya WhatsApp: kabini ya kioo, taa za bluu, ngazi ya marumaru pembeni. Kisha swali: "Fundi, hii bei gani?" Nami humuuliza langu: umeme ukikatika mama yako akiwa katikati ya ghorofa mbili, na fundi wa kampuni yuko Dar es Salaam, itakuwaje? Muuzaji asiye na jibu la swali hilo hajakuuzia lifti ya Kigoma. Hizi ndizo hatua ninazopita na mteja kabla hajatoa shilingi.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli unaihitaji

Viwanja vyetu vingi viko mteremkoni. Barabara iko juu, nyumba inashuka kuelekea ziwani, na mara nyingi ghorofa ya juu ndiyo inayolingana na mahali gari linaposimama. Ukiwa bado kwenye ramani, hamishia chumba cha mzee, choo chake na sebule kwenye usawa huo, umwage mteremko wa zege wa 1 kwa 12, yaani kila sentimita 10 za kupanda zipate sentimita 120 za urefu. Umemaliza. Fundi wa lifti hapati kitu hapo, lakini mzee anaingia na kutoka hata LUKU ikiisha.

Kama nyumba imeshasimama na mhitaji ni mmoja, anayeweza kukaa na kuinuka, uliza pia kuhusu kiti cha ngazi: reli inafungwa kwenye ngazi zilezile, kiti kinapanda kwa betri zake chenyewe. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu hakisaidii sana, maana atahitaji kuhamishwa chini na kuhamishwa tena juu.

Hatua ya 2: Mpime mtu kwanza

Chukua futi. Pima upana wa kiti cha magurudumu, viwiko vikiwa nje na mikono ikisukuma magurudumu. Pima urefu hadi ncha ya vidole vya miguu, maana miguu hutangulia mbele ya kiti. Jukwaa la sentimita 90 kwa 140 linabeba kiti peke yake. Ukitaka na msaidizi aingie akasimama vizuri, nenda sentimita 110 kwa 140, mlango usipungue sentimita 80, ukiwa 90 ni bora. Mbele ya mlango, kila ghorofa, acha nafasi ya mita 1.5 kwa 1.5 ya kugeuzia.

Mzee mmoja alikuwa ameshaipenda ile ya duara ya kioo.

"Mzee wangu, bibi anatembea?"

"Hapana, yuko kwenye kiti mwaka wa pili huu."

"Kiti kina upana gani?"

Tukakipima pale barazani: sentimita 68. Mlango wa ile ya kioo, kwa karatasi yake mwenyewe muuzaji, ulikuwa mwembamba kuliko hapo. Mazungumzo ya rangi ya taa yakaishia hapo.

Kuhusu uzito, hesabu ya kawaida ni kilo 75 kwa mtu. Kiti cha magurudumu cha mota kinaweza kuzidi kilo 100 bila mtu, kwa hiyo usichukue lifti ya kilo 250 kisha ukanunua kiti kama hicho.

Hatua ya 3: Chagua aina kwa namna inavyoshuka

Zote zinapanda. Tofauti iko kwenye kushuka wakati hakuna umeme.

Ya haidroliki husukumwa na mafuta: pampu inapandisha, na kushuka ni vali kufunguka tu, uzito wa kabini ukifanya kazi. Betri ndogo inatosha kuifungua vali hiyo, na ikishindikana kuna kitufe cha mkono kwenye pampu. Mpira wa mafuta ukipasuka, vali ya usalama kwenye silinda hufunga na kuizuia kabini isianguke. Kasoro zake ni mafuta ya kubadilisha, joto kidogo, na kabati la pampu linalohitaji nafasi.

Ya skrubu ina nguzo ndefu yenye nyuzi, na nati kubwa inayotambaa juu yake pamoja na jukwaa. Huja na fremu yake ya chuma, piti yake, yaani shimo la chini ya kabini, ni fupi mno, lakini haishuki yenyewe. Inategemea betri au mkono wa kuzungusha. Betri ikifa, mtu yuko juu hadi azungushiwe kwa mkono.

Ya kamba au mkanda, yenye uzito wa kusawazisha upande wa pili, ndiyo laini kuliko zote na hula umeme kidogo. Ndiyo familia ya zile za maghorofa ya Dar. Kwa kawaida hutaka piti ndefu na nafasi kubwa juu ya kabini. Umeme ukikatika, betri yake huisogeza upande ulio mwepesi. Abiria akiwa mmoja, upande huo unaweza kuwa juu. Mueleze mama mapema asije akaogopa.

Ya hewa, yaani ile ya duara, haihitaji piti na hushuka taratibu yenyewe umeme ukizimika. Inapanda kwa kelele, na nyingi hazipokei kiti cha magurudumu.

Kwa nyumba ya ghorofa moja au mbili hapa Kigoma, mimi huanza na haidroliki ya mwendo mdogo. Kiwango cha Ulaya cha lifti hizi za majukwaa, zenye mwendo mdogo, EN 81-41, hakiruhusu zaidi ya mita 0.15 kwa sekunde. Ghorofa ya mita 3.3 utaipanda kwa sekunde 22. Anayeona ni polepole apande ngazi.

Hatua ya 4: Pima umeme wako, usiukisie

Kigoma tuliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla ya gridi ya Taifa kutufikia. Hali imekuwa bora, ila kukatika hakujaisha. Azima mita ya umeme, pima volti kwenye swichi kuu saa sita mchana, kisha saa mbili usiku wakati mtaa mzima umewasha. Kawaida ni 230. Ukikuta usiku inashuka sana, mota itaguna na bodi inayoiongoza lifti itajizima. Hapo zungumza na TANESCO kuhusu laini yako kabla ya kuzungumza na muuzaji wa lifti.

Mota ya kilowati 2.2 huweza kwenda na umeme wa njia moja. Zaidi ya hapo wengi watakuomba njia tatu. Uliza pia mota inawashwaje. Ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara kadhaa ya kawaida yake kwa muda mfupi, na jenereta dogo la nyumbani litazimika palepale. Yenye kiwashio laini au inveta haina ugomvi.

Gharama ya uniti huwatisha watu bure. Kilowati 2.2 kwa sekunde 22 ni kama uniti 0.013, yaani uniti moja inakupandisha zaidi ya mara 70. Mlaji ni taa na bodi zinazokaa macho usiku kucha: wati 50 mfululizo ni uniti 1.2 kila siku. Chagua inayozima taa zake ikiwa haitumiki.

Na radi. Mvua zetu huja na radi nzito, na bodi ya lifti huungua kirahisi. Dai kizuia mishtuko ya umeme kwenye laini ya lifti, na waya wa ethi uliopimwa na fundi mwenye leseni ya EWURA, si nondo iliyochomekwa pembeni ya ukuta ikaachwa.

Hatua ya 5: Shafti kabla ya zege

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mwenye nyumba anajenga shafti kwanza, yaani chumba kirefu cha wima ambamo kabini hupanda, kisha anatafuta lifti ya kuingia humo. Fanya kinyume: chagua lifti, pata mchoro wa kiwanda wenye vipimo vya shafti, piti, nafasi ya juu na mahali pa kufungia reli zinazoiongoza kabini, ndipo fundi ujenzi aguse koleo. Kwa kukadiria tu kwenye ramani, tenga mita 1.6 kwa 1.6 ndani kwa ndani kwa jukwaa la sentimita 110 kwa 140.

Piti iangalie sana. Lifti za majukwaa huridhika na sentimita 5 hadi 15. Ya kamba ya kawaida inaweza kutaka mita moja na zaidi. Kwa aliyejenga karibu na ufuko, Kibirizi kwa mfano, ambako kupanda kwa maji ya ziwa katika miaka hii kumeonekana na kila mtu, piti ndefu ni kisima. Hata mteremkoni maji ya mvua husafiri chini ya ardhi na kutokea kwenye kona ya piti. Weka dawa ya kuzuia maji ndani na nje ya zege, na mfereji upande wa juu wa nyumba.

Reli hazifungwi kwenye tofali za kuchoma. Bolti itashika wiki chache, kisha itaanza kulegea kwa mtikisiko. Ukuta wa upande wa reli uwe zege lenye nondo, au uwe na bimu za mkanda kwenye kila usawa ambao mchoro umeonyesha. Tusisahau tuko kwenye Bonde la Ufa: tetemeko la Desemba 5, 2005 ziwani Tanganyika lilikuwa la ukubwa wa 6.8. Mhandisi wa nyumba aitazame shafti kama sehemu ya jengo, isiwe kibanda kilichoegeshwa.

Kabla ya kukubali kazi ya mjenzi, dondosha timazi pembe zote nne, kutoka juu hadi chini. Pima umbali wa uzi na ukuta kila baada ya mita moja, uandike kwa chaki palepale ukutani. Nyumba moja shafti ilikuwa safi juu na chini, lakini katikati ukuta ulivimba sentimita 4. Kwa macho huoni. Kabini huona.

Hatua ya 6: Milango na watoto

Kama nyumba ina wajukuu, soma hapa mara mbili. Lifti zenye mlango wa kusukuma nje na geti la ndani huacha nafasi kati ya viwili hivyo. Mtoto mdogo akisimama hapo, mlango ukafungwa, na mtu akaita lifti kutoka ghorofa nyingine, ni hatari ya kifo. Tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu jambo hili mwaka 2019, ikitaka nafasi hiyo isizidi inchi 4, kama sentimita 10. Pima mwenyewe. Ikizidi, dai kijazio cha mlango au mlango wa kuteleza wa pamoja.

Hatua ya 7: Bei ya mlangoni, na spea

Usikubali bei ya "Dar". Omba bei ya kufika nyumbani kwako Kigoma: ushuru, VAT ya asilimia 18, lori au treni, kushusha, nauli na malazi ya mafundi. Kisha uliza bodi imefungwa kwa nywila ya kiwanda au la. Ikiwa imefungwa, kila hitilafu ndogo itamsubiri mtu mmoja asafiri zaidi ya kilomita 1,000. Mkataba useme utakabidhiwa mchoro wa umeme, nywila na boksi la spea: swichi za milango, kontakta, koili ya vali, betri. Lifti ifungwe pamoja na fundi wa hapa Kigoma, ajifunze kwa mikono.

Hatua ya 8: Jaribu kabla ya malipo ya mwisho

Bakiza sehemu ya malipo. Siku ya kukabidhiwa, ingia na muuzaji, mpande, na mtu wa chini azime swichi kuu mkiwa katikati. Kabini ifike ghorofa, mlango ufunguke, taa isizimike. Jaribu kengele, jaribu simu ya ndani kama mtandao unashika kwenye zege. Zidisha uzito: lazima igome na kulia. Rudia yote na kiti cha magurudumu, mwenyewe akiwa amekaa. Kisha zima tena, safari hii betri ikiwa imechomolewa, na mfanyakazi wa nyumbani, si fundi, ndiye aishushe kwa mkono kwa kufuata karatasi iliyobandikwa ukutani kwa Kiswahili. Akishindwa, usilipe.