Namna ya Kutaja Manyoya ya Shingoni mwa Mnyama

Katika Kiswahili cha kila siku, nywele ndefu zinazoota shingoni mwa simba dume au farasi hutajwa kwa maelezo zaidi kuliko kwa neno moja, na kwa hiyo mwandishi anapaswa kuchagua kwa uangalifu kati ya manyoya, nywele, singa na shungi.

Msingi ulio salama ni fungu la maneno "manyoya ya shingoni". Kwa kuwa manyoya hufunika mwili mzima wa mnyama, na ndege pia wana manyoya, neno hilo likiachwa peke yake halimwambii msomaji ni sehemu gani inayokusudiwa. Mtu akiandika "simba yule ana manyoya", hajasema lolote, maana hata simba jike anayo. Aandike "simba yule ana manyoya marefu shingoni", au, pale sifa nyingine inapohitajika, "manyoya meusi ya shingoni mwake". Kivumishi kikae karibu na nomino yake. "Manyoya ya shingoni mwa simba meusi" humfanya msomaji asite kidogo kabla ya kutambua kwamba yaliyo meusi ni manyoya, si simba.

Upatanisho wa kisarufi ndipo wengi wanapoteleza. Unyoya mmoja, manyoya mengi: manyoya haya yamekua, manyoya yake marefu. Unywele mmoja, nywele nyingi: nywele hizi zimekua, nywele zake ndefu. Anayeanza sentensi kwa manyoya asiimalizie kwa "zimekua".

Kwa farasi, naona nywele inafaa kuliko manyoya, kwa sababu zile za shingoni mwake ni ndefu, huangukia upande mmoja, na huchanwa na kusukwa. Hapo ndipo singa pia linapopata nafasi yake. Singa ni nywele ndefu, laini na zilizonyooka, za mnyama au za binadamu, ndiyo maana mtu husemwa kuwa ana nywele za singa. Hata hivyo neno hili linahitaji tahadhari, kwa kuwa usinga ni pia kile kifaa cha kupungia nzi kilichotengenezwa kwa nywele za mkia, na kitenzi kusinga maana yake ni kuusugua mwili kwa mafuta au manukato. Ukilitumia, litaje pamoja na mahali: singa za shingoni mwa farasi, singa za mkia wake.

Shungi nalo lisichukuliwe badala ya haya. Hilo ni la kichwani, kama kishungi cha manyoya kinachosimama utosini mwa ndege.

Punda milia na twiga wana nywele fupi, ngumu, zilizosimama wima kufuata mgongo wa shingo, kwa hiyo "nywele zilizosimama shingoni" hueleza vizuri kuliko neno lolote la mkato. Nyumbu ana za juu ya shingo na pia za chini ya koo. Hizi za chini ziitwe ndevu, zisichanganywe na zile za juu.

Usahihi huu una kazi kubwa zaidi kwa simba, kwa maana urefu na rangi ni mambo mawili tofauti. Utafiti uliofanywa Serengeti na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba majike huvutiwa zaidi na madume wenye manyoya meusi. Anayeandika tu kwamba dume ana "manyoya mazuri" amempotezea msomaji habari yenyewe. Ajitahidi kusema kama ni marefu au mafupi, meusi au ya rangi ya dhahabu, na kama yamefika kifuani. Na kwa simba wa Tsavo, nchini Kenya, ambako madume wengi wana manyoya machache shingoni au hawana kabisa yale marefu, asiandike "simba asiye na manyoya", kana kwamba amebaki ngozi tupu, bali "simba dume asiye na manyoya marefu shingoni".