Kabla ya Kugusa Kompyuta ya Gari Lililofungwa Matairi Makubwa

Mtu akinunua gari la porini lililokwisha kutumika hapa Malindi, tamaa yake ya kwanza, hata kabla ya kubadilisha oili, huwa ni kulifunga matairi makubwa, nami simlaumu, kwa kuwa mchanga wa Mambrui na makorongo ya njia ya Marafa huyataka. Ila kompyuta ya gari haina habari ya mabadiliko hayo. Yenyewe huhesabu ishara zinazoletwa na sensa, yaani vifaa vya kupima mzunguko, za magurudumu au za giaboksi, kisha hukadiria mwendo kwa kudhani kwamba tairi ni lile la kiwandani. Kutokana na hesabu hiyo moja hupatikana mwendo unaoonyeshwa na mshale, kilomita zinazoandikwa na, katika magari mengi ya otomatiki, wakati wa kubadilisha gia.

Kwanza jua ukubwa wa tofauti yenyewe. Tairi la 265/65 R17 lina kipenyo cha karibu milimita 776, na la 285/70 R17 lina karibu milimita 831, yaani limezidi kwa asilimia 7. Mshale ukisema 50, wewe unakwenda zaidi ya 53, na mjini, ambako sheria yetu ya Kenya huruhusu 50, utasimamishwa huku ukiapa kwamba hukuzidisha. Hata hivyo usimpe fundi atakayeirekebisha kompyuta namba ya karatasi tu, kwa sababu tairi hubonyea linapobeba uzito. Tia upepo wa kutembelea barabarani, si ule uliopunguza ili upite mchangani, piga alama ya chaki ubavuni mwa tairi na nyingine sakafuni, sogeza gari mpaka tairi litimize mzunguko mmoja, kisha pima urefu huo kwa tepu.

Matairi yote matano, pamoja na spea, yawe saizi moja. Ukifunga spea ndogo upande mmoja, gurudumu hilo litazunguka haraka kuliko wenzake, taa ya ABS, yaani ya breki zinazozuia magurudumu yasikwame, inaweza kuwaka, na kama gari ni la 4WD ya kudumu, linalovuta kwa magurudumu yote manne wakati wote, difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ndiyo itakayoumia. Kata usukani wote kulia, halafu kushoto, uone kama tairi linakwaruza bodi. Likikwaruza, hilo limalizwe kwanza.

Betri iwe imejaa, na chaja ibaki imeunganishwa muda wote ambao fundi anaandika ndani ya kompyuta. Zima AC, redio na taa. Umeme ukishuka katikati ya kazi, kompyuta inaweza kubaki na maandishi nusu na gari lisiwake tena, na hapo utaanza kuulizia bei ya kuvutwa hadi Mombasa. Mwambie fundi ahifadhi nakala ya mpangilio wa awali kabla hajabadilisha tarakimu hata moja. Akikuambia haina haja, tafuta fundi mwingine.

Sasa lile lililonigharimu mimi. Kabla ya kurekebisha chochote, hakikisha gari halijarekebishwa na mwenzako aliyekutangulia.

Gari langu nililinunua kwa mtu likiwa na matairi ya saizi ya kiwandani, safi, hayajaisha. Mshale ulikuwa ukisoma juu kidogo kuliko GPS ya simu, lakini sikushtuka, kwani najua viwanda hupanga mshale usome juu kidogo ya mwendo wa kweli, kamwe usisome chini. Nikafunga matairi makubwa, nikaenda kwa fundi, fundi akachukua asilimia zake 7, akaziingiza kwenye kompyuta, nikalipa, nikaondoka nikiwa nimeridhika. Hakuna kati yetu aliyefikiria kulipeleka gari barabarani kulipima kwanza.

Mimi kazi yangu ni kupeleka wageni Tsavo Mashariki kwa kupitia lango la Sala. Kwa wiki mbili nilijisifu kwamba gari jipya linakwenda kilomita 9 kwa lita moja. Siku ya safari, ramani ilinipa kilomita 500 kwa kwenda, kuzunguka na kurudi, nikatia lita 60, nikijua nina akiba ya kilomita 40. Taa ya mafuta iliwaka mapema kuliko nilivyotarajia, nami, kwa kiburi cha mtu aliyekwisha kupiga hesabu, nikaiamini hesabu yangu nikaidharau taa. Gari likazima jioni, tukiwa tumeshatoka langoni lakini Kakuyuni, njia ya kurudi Malindi, bado mbali, wageni wawili nyuma, dumu la akiba nimeliacha nyumbani ili mizigo ienee. Tulikaa kando ya njia hadi lori la mkaa lilipotokea, na bei niliyouziwa lita kumi za dizeli usiku ule sitaiandika hapa.

Kesho yake nilimwendea fundi umeme wa magari mjini. Akaweka simu yenye GPS juu ya dashibodi, tukavuka daraja la Sabaki, tukashika barabara ya Garsen kwa mwendo usiobadilika. Simu ilisema 80, mshale ukasema 86. Alipofungua dashibodi alitoa kikasha kidogo kilichozungushiwa utepe mweusi, kimeunganishwa kwenye waya wa sensa ya mwendo. Mwenyewe wa zamani naye alikuwa amewahi kufunga matairi makubwa, akaweka kikasha cha kuongeza ishara, kisha wakati wa kuuza akayavua matairi na kukisahau kikasha. Gari lilikuwa limerekebishwa mara mbili, likawa linahesabu kilomita ambazo halijaenda. Kilomita 9 nilizojisifia zilikuwa 8.4, na katika kilomita 500 huko ndiko ilikoishia karibu akiba yangu yote. Mchanga na gia nzito zikamalizia.

Kwa hiyo, siku ya kwanza, likiwa bado na matairi liliyokuja nayo, linganisha mshale na GPS katika mwendo wa 50 na wa 80, na uandike. Mwombe fundi asome saizi ya tairi iliyomo kwenye kompyuta na aangalie nyuma ya dashibodi na kwenye waya za sensa. Muulize muuzaji, ingawa wauzaji wengi watakuapia kwamba gari halijaguswa. Baada ya marekebisho, linganisha tena kwa njia ileile kabla hujalipa.

Kilomita zilizokwisha kuandikwa kwa matairi makubwa kabla ya marekebisho ni pungufu na hazisahihishwi nyuma, basi servisi ya kwanza baada ya matairi iwahishe. Kaza nati za magurudumu baada ya kilomita 100. Breki zitaona uzito, acha nafasi zaidi mbele. Ukipita ufukweni Ngomeni, osha chini ya gari kwa maji yasiyo ya chumvi siku hiyohiyo, maana chumvi hula plagi za sensa, nawe utadhani kompyuta ina kasoro. Dumu la mafuta lisishuke garini, na maji ya kunywa pia. Saizi mpya na tarehe ya kazi ziandike kwenye karatasi uibandike ndani ya boneti, ili atakayelinunua gari baada yako asiingie kwenye shimo nililoingia mimi.