Jinsi ya kugeuza opera iwe baleti kama kampuni yenu ni ndogo na hamna hata mwimbaji mmoja

Haya, mmekaa kikao, mmechoka kucheza baleti zilezile kila msimu, mtu katupa wazo "kwa nini tusifanye Carmen?" na wote mkashangilia. Wazo zuri. Carmen ni opera ya mtunzi wa muziki Bizet, askari José anampenda Carmen, Carmen anamwacha kwa ajili ya mpiganaji ng'ombe, mwisho José anamuua. Mimi hiyo njia nimeshaipita mara mbili na kampuni ya wachezaji 18, kwa hiyo naongea kama mtu aliyeungua vidole. Opera ina maneno, nyie hamna, na karibu kila tatizo mtakalokutana nalo linatokea hapohapo, halafu wengi wanajaribu kulitatua kwa kupunga mikono jukwaani kama trafiki kwenye makutano. Msifanye hivyo.

Kabla hamjagusa hatua hata moja andikeni stori nzima kwa sentensi zisizozidi kumi, na kila sentensi iwe kitu ambacho mtu aliyekaa safu ya nyuma kabisa anakiona kwa macho. "Carmen anamrushia José ua", hicho kinaonekana. "José anamkumbuka mama yake kijijini", hicho hakionekani hata mcheze namna gani. Balanchine, mtunzi maarufu wa baleti, alikuwa na msemo wake kwamba kwenye baleti hakuna mama mkwe, na alikuwa na maana hiyohiyo, yaani mwili unaweza kusema nakupenda, nakuogopa, toka hapa, lakini hauwezi kusema huyu ni ndugu wa fulani upande wa mama.

Sisi tulilipuuza hilo likatutokea puani. Kwenye opera ya Bizet kuna binti anaitwa Micaëla, anamletea José barua, vijisenti na busu, vyote vimetoka kwa mama yake José, na kwa sababu anaimba waziwazi kwamba busu ni la mama hakuna anayechanganyikiwa. Tukalichezesha vilevile, busu la heshima kabisa kwenye paji la uso, tukajiona tumemaliza kazi. Siku ya kujaribisha tukamkalisha jamaa mmoja asiyejua stori, tukamnyima karatasi ya maelezo, mwisho tukamuuliza umeona nini. Akasema "huyu José muhuni tu, ana mchumba wake mzuri halafu anakimbilia mwingine". Tukacheka, halafu kicheko kikaisha maana jamaa kaona kile tulichomwonyesha! Basi mama tukamtoa, Micaëla tukamfanya mchumba kweli na pete juu, sehemu yote ya kwanza ikanyooka. Wala msijione mnavunja kitu kitakatifu, kwenye hadithi ya mwandishi Mérimée ya 1845 ambayo opera ilitolewa humo huyo Micaëla hayupo kabisa, waandishi wa maneno ya opera ndio waliomwingiza. Mtafuteni na nyie mtu wenu asiyejua kitu, na msimlete wiki ya mwisho, mleteni mapema wakati bado kuna nafasi ya kufumua.

Sasa muziki, na hapa kaeni vizuri.

Mna njia tatu. Ya kwanza ni kuchukua muziki wa opera yenyewe na sauti ya mwimbaji mkaipa chombo, mfano wimbo wa José wa lile ua unakaa vizuri sana kwenye selo, ile fidla kubwa inayopigwa umekaa. Ya pili ni ya wajanja, unachukua stori ya opera na mtunzi wake lakini nota za opera huzigusi. Mtunzi wa dansi John Cranko alipofanya baleti ya Onegin pale Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1965 alitumia muziki wa Tchaikovsky lakini hakuna kitu kutoka kwenye opera yake Tchaikovsky yenye stori hiyohiyo, na mtunzi mwenzake wa dansi Kenneth MacMillan na baleti yake Manon ya 1974 ni vilevile, muziki wote wa Massenet ila sio wa opera yake Massenet ya Manon. Faida ni kwamba mtazamaji hakai anasubiri mtu aanze kuimba. Ya tatu ni kumpa mtunzi apange upya kila kitu, kama Rodion Shchedrin alivyofanya 1967 kwa ajili ya mchezaji baleti Maya Plisetskaya na mtunzi wa dansi Alberto Alonso, akachukua Carmen akatupa filimbi na tarumbeta zote akabaki na nyuzi na ala za kupigwa. Kuna mahali pale kwenye muziki wa mpiganaji ng'ombe ile tuni maarufu anaikata, mnasikia ule muziki wa kuisindikiza chini yake tu unaendelea, na ukumbi mzima unaimaliza wenyewe kichwani. Mimi kila nikifika hapo natabasamu.

Ila jamani msichanganye mambo ya haki. Bizet alikufa 1875, nota zake ni za wote. Kazi ya Shchedrin sio ya wote, hiyo mnaomba leseni na nota mnakodi. Na rekodi ni jambo jingine tena, hata kama nota ni za bure ile okestra iliyorekodi ina mwenyewe, na kuinunua hamkununua ruhusa ya kuipiga mbele ya watu waliolipa tiketi. Ruhusa iwe kwenye karatasi kabla mtunzi wa dansi hajaingia chumba cha mazoezi, la sivyo mtajikuta mmetunga nusu saa ya dansi juu ya muziki msioweza kuutumia.

Kingine ambacho watu wa baleti hawakifikirii mpaka wachezaji waanze kuhema ni urefu. Dansi ya mtu mmoja ya kawaida ni dakika moja, ikizidi sana mbili. Wimbo wa opera unaweza kwenda dakika nne, na mwimbaji amesimama hapohapo alipo! Mchezaji hawezi kuruka dakika nne peke yake, kwa hiyo ama mkate muziki, ama mgeuze iwe dansi ya wawili, ama mwingize watu katikati apumue. Tena waimbaji wanavuta noti wanavyojisikia, na mtu aliye hewani hawezi kusubiri, atashuka tu. Kama mtapiga laivu mleteni kiongozi wa okestra mazoezini aone miguu kwa macho yake.

Kwaya je? Opera inajaza jukwaa kwa askari, wanawake wa kiwanda cha sigara, watoto, wauza machungwa, nyie mko 18. Watoto tulifuta. Wanaume walewale wakawa askari mwanzoni na wasafirisha magendo baadaye, wanabadili koti tu, nguo zifungwe kwa vifungo vya kubana sio kamba, maana pale pembeni una sekunde arobaini na giza. Msitawanye watu wachache jukwaa zima wakaonekana kama waliochelewa basi, wabaneni kona moja wasongamane, hapo watu kumi wanaonekana umati.

Vitu vya mkononi punguzeni, vikibaki vifanye kazi. Ua ndilo linalobeba stori yote, Carmen anarusha, José analificha kifuani, anatoka nalo jela limenyauka. Ua la kitambaa ni jepesi, likirushwa linaelea na kuanguka katikati ya njia kama unyoya, mkishona nati ndogo ndani ya kikonyo linaenda linakotumwa. Tengenezeni mawili, bichi na lililokauka. Na jela msiieleze, mwanga wa mraba sakafuni, José peke yake na ua, chini ya dakika moja, imetosha. Ila zile karata Carmen anazotabiria kifo chake hakuna atakayeziona kutoka mbali, hizo wapeni wachezaji wawe karata wenyewe.

Mwisho kwenye opera Carmen anauawa nje wakati ndani ya uwanja umati unamshangilia mpiganaji, na hicho kelele ndicho kinachotisha, kwa hiyo msikiache. Sisi tuliwapanga wote waliobaki nyuma ya pazia wapige miguu sakafuni kwa mapigo ya muziki, mtetemo unafika mpaka kwenye viti. Kisu kiwe cha mpira na kiwe mfukoni mwa José tangu anapoingia, msimwambie akichukue pembeni ya jukwaa. Wetu usiku wa pili alikisahau, kaingiza mkono mfukoni, hamna kitu, nikamwona anaganda nusu sekunde, halafu akamkaba shingo. Carmen naye mjanja akafa vizuri tu, na watu walitoka pale wanasifia jinsi tulivyobadilisha mwisho.