Kukagua nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe iliyokwisha kukarabatiwa

Juzi nilishinda siku mbili katika nyumba ya shangazi yangu, Malindi, Unguja. Miaka michache nyuma aliipiga lipu ya saruji ndani na nje, akaweka vigae, choo kipya ghorofani na viyoyozi viwili. Mimi aliniita kwa ajili ya ufa mmoja juu ya mlango. "Mwanangu, nyumba nzima mpya hii, umebaki ufa huu tu."

Nyumba haikuwa mpya. Kuta ni zile zile za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari inabebwa na boriti zile zile za mikoko. Ukarabati uliongeza uzito na maji, kisha ukafunika pale ambapo jicho lingeona. Ndiyo maana nyumba iliyokarabatiwa huikagua kwa uangalifu kuliko iliyochakaa wazi.

Vifaa: timazi (kamba yenye uzito wa kupimia wima wa ukuta), nyundo ndogo, bisbisi ndefu yenye ncha kali, tochi, penseli, mita ya umeme. Kile kipimo cha unyevu cha kubandika ukutani sikitumii kwenye nyumba hizi. Chumvi iliyomo ukutani hukifanya kisome unyevu hata pakavu.

Hatua ya 1: Fuata maji kutoka paani

Tazama mabati, mifereji na bomba la kushusha maji. Halafu mambo mawili yaliyokuja na ukarabati. La kwanza ni kijibomba cha kiyoyozi: kikidondosha maji ukutani mchana na usiku, ukuta haupati siku ya kukauka. La pili ni tenki. Lita 1,000 za maji ni tani moja. Boriti zile zilikatwa kubeba sakafu na watu, wala si tani moja iliyosimama mahali pamoja mwaka mzima. Ukilikuta tenki juu ya boriti, agiza limwagwe siku hiyo hiyo, ukaguzi utaendelea baadaye.

Hatua ya 2: Kuta

Gonga lipu. Ikilia tupu, imeachana na ukuta. Ukuta wa chokaa hupumua. Saruji huyazuia maji ndani, chumvi ikasukuma, na udongo ulioshika mawe ukalainika. Angusha timazi kila chumba. Ukuta uliotuna tumbo katikati ni hatari kuliko wenye nyufa nyingi nyembamba, kwa sababu una nyuso mbili za mawe na kifusi katikati, na tumbo ni dalili kwamba nyuso zinaachana. Ufa uwekee alama ya penseli kwenye ncha zake zote mbili, andika tarehe.

Hatua ya 3: Vichwa vya boriti

Hapa naomba usome polepole. Zamani nilikagua nyumba moja Mkunazini, nikagonga kila boriti katikati, zote zikalia kavu, nikamwambia mwenyewe alale salama. Siku ya tatu fundi bomba alitoboa ukuta ghorofani na kichwa cha boriti kikamwagika kama unga. Nilirudi nikaanza upya, asubuhi hadi magharibi, na katika chumba kile boriti nne zilikuwa zimeshikwa na lipu tu.

Boriti huoza pale inapoingia ukutani, kwa sababu hapo ndipo inapokunywa maji ya ukuta. Kwa hiyo usipoteze muda katikati. Panda ngazi, weka ncha ya bisbisi kwenye kiungo cha boriti na ukuta, elekeza ndani kwa mshazari, sukuma kwa mkono bila nyundo. Mti mzima hukataa. Ikizama zaidi ya upana wa kidole, weka alama nyekundu.

Jaribu juu, chini na ubavuni. Ubavu mmoja mzima haukuhakikishii mwingine. Kama fundi amepiga saruji kuzunguka kichwa, bandua kidogo kidogo kwa patasi, boriti moja baada ya nyingine, usifungue mbili zinazofuatana. Rangi ya mafuta huficha laini na hulia ngumu, usiiamini. Matundu ya wadudu si lazima yawe hai: pangusa sakafu, tandika kitambaa cheusi chini yake, rudi baada ya siku tatu. Ukikuta unga mpya, wamo. Na kama dari imefunikwa kwa jipsamu, dai ifunguliwe kwenye kuta zenye choo, jiko na mfereji. Mwenye nyumba akikataa, andika kwamba hukuona, usiandike kwamba ni salama.

Anza na boriti zilizo chini ya choo kipya. Kwa shangazi, tatu kati ya sita zilikuwa zimelainika hapo, na ufa wa mlango ulianzia chini yake.

Ukihitaji kuegemeza, nguzo lazima zishuke hadi ardhini. Nguzo inayosimama juu ya sakafu ya ghorofa ya kati inahamishia mzigo kwenye boriti nyingine mbovu. Na watu wasilale humo kazi ikiendelea. Beit al-Ajaib, jengo la 1883, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katikati ya ukarabati, watu wawili wakafariki.

Hatua ya 4: Umeme

Zima swichi kuu kabla ya kufungua chochote. Nyaya za zamani: nyekundu ni moto (waya unaoleta umeme), nyeusi nyutro (unaourudisha). Za sasa: kahawia ni moto, buluu nyutro. Kwenye umeme wa fezi tatu ni hatari zaidi, maana buluu ya zamani ilikuwa moto, na nyeusi ya sasa ni moto. Nyumba iliyoungwaungwa ina zote, basi rangi isikuongoze.

Testa ya bisbisi siipendi. Tumia mita, swichi kuu ikiwa imewashwa tena. Moto na nyutro isome volti 230 hivi, na moto na ethi (waya unaoshuka ardhini) ikaribie hapo hapo. Ikisoma sifuri au ikiyumba, ethi haipo. Ikisoma vizuri bado si uthibitisho kwamba ethi ni imara. Hilo lipimwe na fundi mwenye kifaa chake. Hita ya kuogea bila kinga ya miliampia 30, ile swichi inayokata umeme unapovuja, izimwe.

Hatua ya 5: Mtungi wa gesi ukae nje. Rangi kuukuu usiikwangue kavu mbele ya watoto, huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Matengenezo yenyewe yanahitaji kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Peleka picha zenye tarehe.

Tenki la shangazi limeshushwa, choo kimefungwa kisitumike, nguzo nne zimesimama kutoka ardhini. Alama za ufa nitazisoma tena masika yakiisha.