Kabla ya kutoa damu ya gastrini: mambo ya kuzingatia

Gastrini ni homoni inayoliamuru tumbo litoe asidi. Kinachoharibu majibu yake mara nyingi ni omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi. Huku Bukavu mtu huinunua famasi bila karatasi ya dokta, akaimeza miezi, kisha gastrini inapanda na kromogranini A (protini ya damu inayopimwa kutafuta uvimbe) inaifuata, hata kama tumbo ni zima. Kwenye gastriti ya otoimyuni, ugonjwa ambao kipimo hiki husaidia kuutafuta, kinga ya mwili inaua seli zinazotoa asidi. Asidi ikikosekana, gastrini hujaa kwenye damu na kuzichochea seli nyingine za tumbo zizaane, na baadhi huishia kuwa uvimbe. Omeprazoli nayo hukata asidi, basi karatasi ya labo haiwezi kutenganisha dawa na ugonjwa. Dokta akikubali, iache siku 14. Aliyewahi kutapika damu au kuwa na kidonda cha tumbo asiiache peke yake.

Usiku, ukila fufu na sombe saa mbili, damu itolewe saa mbili asubuhi. Katikati ni maji tu. Chai ya maziwa inapandisha gastrini.

Labo ulizia barafu mapema, kabla hujateremka kutoka Bagira, huku huku Bukavu. Gastrini huvunjika haraka kwenye joto: chupa ikae kwenye barafu, damu izungushwe upesi kwenye mashine, kisha maji yake yagandishwe kwenye friza. Ikitumwa nje ikayeyuka njiani, jibu litashuka kwa uongo na mgonjwa atatulizwa bure. Hilo ni baya kuliko jibu lililopanda.

Vitamini B12 ipimwe kabla ya sindano yake, pamoja na feritini (akiba ya chuma mwilini) na kingamwili zinazoshambulia tumbo. Pepsinojeni ni protini ya tumbo inayopimwa kwenye damu: pepsinojeni I chini ya 70 ng/mL, na uwiano wake na pepsinojeni II chini ya 3, huashiria ukuta wa tumbo umekonda. Figo zikiwa dhaifu, mwambie dokta: pepsinojeni, gastrini na kromogranini zote hupanda.

Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachothibitisha uvimbe. Anayeuona ni dokta wa endoskopi (kamera inayoingizwa tumboni), naye achukue vipande vidogo vya ukuta wa tumbo: viwili sehemu ya chini ya tumbo, kimoja kwenye kona, viwili juu, na vya chini visichanganywe chupa moja na vya juu. Vikichanganywa, anayevisoma kwa hadubini hajui ni wapi palipokonda.

Tunza karatasi ya kwanza. Labo moja huandika gastrini kwa kipimo cha pg/mL, nyingine pmol/L, na pmol/L 1 ni karibu pg/mL 2.1; bila kugeuza, gastrini ileile itaonekana imepungua nusu.